Ni kipande gani cha riwaya kilichokusimamisha ukashindwa kuendelea?

BintiReli (Tabora)

Habari za jioni wapenzi wa vitabu. Nina swali, na naomba majibu yenye maelezo, msiniachie majina ya vitabu tu.

Baba yangu alifanya kazi karakana ya reli hapa Tabora mpaka akastaafu. Sasa haoni, presha ya macho imemchukua jicho moja baada ya jingine. Amekuwa msomaji tangu ujana wake, na kinachomuuma zaidi si kushikwa mkono kwenda msalani, ni vitabu vyake kukaa kabatini. Kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha tunazima redio, anaegemea kiti chake cha kamba, nami namsomea kwa sauti hadi usingizi umshike.

Kusoma kwa sauti mbele ya mtu anayesikiliza kwa makini kumenifunulia jambo. Kuna mahali baba ananyanyua mkono. Maana yake nisimame. Hapo hatusemi kitu kwa muda, halafu ama ataniambia "rudia", ama ataomba aende kulala. Mwanzoni nilidhani mkono utapanda penye mauaji na misiba. Haiwi hivyo. Unapanda mahali ambapo mimi nilikuwa nakaribia kupita tu.

Niwape mfano wa juzi. Tunasoma *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973 ya ile riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Aliyeisoma anamkumbuka Ikemefuna, yule mtoto aliyeletwa Umuofia kutoka kijiji kingine kama fidia, akakaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, akamzoea, akawa anamwita baba. Siku inafika wakubwa wanaamua auawe. Yeye anaambiwa anarudishwa kwao.

Wanaume wanatoka naye kwenda msituni. Kichwani amebeba chungu cha pombe ya mchikichi. Anatembea akimfikiria mama yake: je, yu hai? Basi anafanya kitu cha kitoto kabisa. Anaimba moyoni wimbo wa utotoni, hatua zake zikifuata mapigo ya wimbo. Ukiishia mguu wa kulia, mama yu hai. Ukiishia wa kushoto, amekufa. Hapo hapo anajirekebisha: hapana, hajafa, anaumwa tu. Wimbo unaishia kulia. Anauimba tena, safari hii unaishia kushoto. Anajiambia ile ya pili haihesabiki.

Mkono wa baba ukapanda. Panga lilikuwa bado halijainuliwa, yule mtu wa nyuma alikuwa hajasafisha koo, na baba hajui mbele kuna nini kwa sababu kitabu hiki hakuwahi kukisoma. Nilimwona anameza mate. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mdogo, akirudi shule kwa kufuata reli, alikuwa anahesabu mataruma kutoka stesheni hadi kwao. Hesabu ikiangukia shufwa, nyumbani kuna chakula. Ikiangukia witiri, anaruka taruma moja ili iwe shufwa. Akasema, "Huyo mtoto wanamuua sasa hivi. Mwandishi asingetuonyesha hesabu yake ya siri kama alikuwa na nia ya kumwacha."

Nikasoma mbele. Mtu wa nyuma anasafisha koo, mtoto anageuka, anakemewa aendelee kutembea asiangalie nyuma. Okonkwo keshajivuta hadi mwisho wa mstari, na panga linapoinuliwa anatazama pembeni. Chungu kinaanguka, kinavunjika mchangani. Mtoto analia kwamba baba, wameniua, huku anamkimbilia yeye. Na Okonkwo, kwa woga wa kuonekana dhaifu, anammaliza kwa panga lake mwenyewe.

Baada ya hapo nilirudi nyuma kurasa kadhaa peke yangu kutafuta mwandishi alianzia wapi kutuwinda. Alianza mapema sana. Sura hiyo hiyo inafunguka kwa raha: nzige wamevamia, nchi nzima inashangilia, watu wanawaokota, wanawakausha juani, wanawala kwa mawese. Okonkwo amekaa kibandani kwake na mwanawe Nwoye na Ikemefuna, wote watatu wanatafuna nzige na kunywa. Ni hapo hapo, midomo ikiwa imejaa, ndipo mzee Ezeudu anapoingia, anamvuta Okonkwo nje na kumwambia mtoto atauawa, na kwamba yule mtoto anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Achebe hakututafutia usiku wa mbalamwezi wala bundi. Alituweka kwenye karamu ndogo ya baba na watoto.

Na kifo kikishapita haombolezi. Anatupeleka nyumbani kwa Nwoye, ambaye hakuuliza chochote. Baba yake alipoingia tu usiku ule, alijua. Kitu kikakatika ndani yake.

Kwa hiyo naamini hivi: kinachomsimamisha msomaji ni kitu kidogo na cha kweli kinachowekwa kabla ya lile kubwa, na mwandishi kuwa na ujasiri wa kutolieleza. Swali langu kwenu: ni kipande gani kiliwasimamisha ninyi, na pale mwandishi alifanya nini hasa? Nataka kujifunza, na nataka vitabu vya kumsomea mzee.

---

KaraniWaNyaraka (Dodoma)

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Hayo mataruma nimeyaelewa sana.

Mimi nabaki kwenye kitabu hicho hicho. Usimwambie mzee mapema, lakini jiandae na ukurasa wa mwisho, mkono wake utapanda tena. Okonkwo amejinyonga. Mkuu wa Wilaya wa Kizungu amefika na askari wake. Obierika, rafiki wa Okonkwo, mtu mtulivu tangu mwanzo wa kitabu, anamgeukia kwa ukali na kumwambia kwamba huyu alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa Umuofia, ninyi mmemfanya ajiue, na sasa atazikwa kama mbwa. Anataka kuendelea, sauti inamkatika.

Ungedhani kitabu kitaishia kwenye sauti hiyo. Hakiishii hapo. Tunamfuata yule mkuu wa wilaya, ambaye njiani anakifikiria kitabu anachoandika yeye. Anaona kisa hiki kitanogesha kurasa zake. Mtu aliyemuua tarishi akajinyonga! Karibu angeweza kuandikiwa sura nzima. Pengine si sura nzima, aya moja inayotosha. Na jina la kitabu keshalichagua, linahusu kutuliza makabila ya kishenzi ya Niger ya Chini.

Sisi tumekaa na Okonkwo kitabu kizima. Tunajua alivyochukia uvivu wa baba yake, tunajua alivyomfuata bintiye Ezinma usiku hadi kwenye pango la miungu, tunajua jeraha la Ikemefuna. Halafu anakuja mtu anayempimia aya moja, na aya hiyo ndiyo itakayosomwa London.

Kazi yangu ni ya masjala. Kwenye majalada ya kikoloni nimekuta watu wazima, wenye wake na mashamba na kesi za haki, wameandikwa nusu mstari: mtu fulani, mkaidi, amehamishwa. Nilipokisoma kitabu hicho kwa mara ya pili, nikiwa nimeshaanza kazi hii, sikuweza kukilaza kitabu kifuani kama nilivyozoea. Nilikikalisha mezani, nikasimama. Ilikuwa hasira, na bado ninayo.

Kwa hiyo kwenye hoja yako ya kitu kidogo naongeza hiki: wakati mwingine mwandishi anakusimamisha kwa kubadilisha ghafla anayetazama. Macho ya rafiki yanaondoka, yanakuja macho ya mgeni ambaye hakuona lolote.

---

BibiWaMalindi (Unguja)

Mwanangu, Mungu akuzidishie kwa kumsomea mzee wako.

Mie nakuletea *Peponi*, ya Abdulrazak Gurnah wetu, aliyepewa Nobel mwaka 2021. Kaiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia Kiswahili mwaka 2022. Ikikufikia mikononi, isome kwa sauti hivyo hivyo, maana imekaa vizuri mdomoni.

Kuna kijana Yusuf, umri miaka kumi na miwili. Wazazi wake wana mkahawa wa kulaza wageni katika kijimji cha Kawa, kwenye njia ya reli ya Wajerumani. Baba yako wa reli atakipenda hicho. Kila mara huja Ami Aziz, tajiri, ananukia mafuta mazuri, na akija hupikwa vyakula ambavyo siku nyingine havionekani. Akiondoka humpa Yusuf sarafu ya ana kumi, zile pesa za zamani. Mtoto anaisubiri sarafu ile, anamsubiri ami yake.

Siku moja anaambiwa atasafiri na Ami Aziz. Atapanda gari la moshi! Kafurahi. Haulizi atarudi lini, haulizi kwa nini safari imekuwa ya ghafla vile. Kafika pwani, akatiwa dukani pamoja na kijana mwengine, Khalil, aliyemzidi umri kidogo. Na Khalil ndiye anayemwambia, bila ya kumlainishia, kuwa huyu si ami yako. Baba yako anadaiwa na seyyid, yaani huyo huyo Aziz, hana cha kulipa, wewe umewekwa rehani. Na Khalil mwenyewe yumo kwenye rehani ileile.

Sikusimama hapo kwa sababu ya habari yenyewe. Mtu mzima anayesoma alikuwa keshashuku. Nilisimama kwa sababu akili yangu ilirudi mbio kwenye zile sarafu. Zile ana kumi, mtoto akizipokea kwa furaha mlangoni kwao! Vyakula vile, mama akipika! Kumbe mdai alikuwa anakaribishwa. Wazazi walijua wakati wote, na mtoto alikuwa akiwatazama nyuso zao asizisome. Gurnah harudii sarafu zile hapo, hakukumbushi. Kakuachia wewe uzikumbuke, na ukizikumbuka zimeshageuka sumu.

Mie nimelelewa katika nyumba ambayo wageni wakubwa wakija watoto tulikuwa tukifurahi kwa ajili ya chakula. Usiku ule nilikaa nikijiuliza mama zetu walikuwa wakiwaza nini jikoni.

Mwisho wa kitabu sikwambii. Ila ukifika, mzee asiwe amesinzia.

---

BintiReli (Tabora)

Bibi, shikamoo. Hizo sarafu zimenikaa kichwani tangu mchana. Umenionyesha kwamba kile kitu kidogo kinaweza kuwekwa mbali sana, kurasa nyingi kabla, kikapita kama jambo la kawaida, halafu kikalipuka nyuma yetu. Kwa Achebe hesabu ya miguu na panga vimekaribiana, unaona vyote kwa pamoja. Kwa Gurnah msomaji ndiye anayefanya kazi ya kurudi. Pengine ndiyo maana inauma zaidi, kwa sababu ni wewe uliyeigundua.

Kaka wa masjala, nimekusikia. Ukurasa wa mwisho tutausoma mapema jioni, si usiku.

---

MvuviWaNansio (Ukerewe)

Dada BintiReli, nakuheshimu, lakini kwenye "ujasiri wa kutolieleza" sikubaliani nawe. Mnaongea kana kwamba mwandishi mzuri lazima anyamaze. Mimi ni mtu wa kisiwa cha mwandishi Euphrase Kezilahabi, na yule hakunyamaza.

Chukua *Rosa Mistika*, ya 1971. Mwanzoni kabisa, kijijini Namagondo, Rosa ameandikiwa barua na kijana Charles. Baba yake, Zakaria, mlevi, anaijua habari ya ile barua na anampiga. Na si kofi la kumrudi mtoto. Anampiga kipigo ambacho unaposoma unataka kuingia ukurasani umshike mkono. Kezilahabi hakukupeleka kwenye nzige wala nyimbo. Alikuweka ndani ya nyumba, ukasikia.

Nilikisoma nikiwa kidato cha pili, na kitabu kilikuwa kimewahi kupigwa marufuku shuleni, kwa hiyo kila mtu alitaka kujua kuna nini. Wenzangu walikuwa wanatafuta kurasa za mapenzi. Mimi sikufika huko siku hiyo. Nilikwama kwenye kipigo, kwa sababu nyumba ya jirani yetu ilikuwa na baba wa namna ile, na binti mwenye umri wangu, na sisi wote mtaani tulikuwa tunasikia na kuendelea kula. Nilikuwa sijawahi kuona mtu ameandika kitu hicho kwenye kitabu, kwa Kiswahili, na majina ya kwetu.

Na angalia anachokifanya na kipigo hicho. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Anafika chuo cha ualimu, mbali na baba, kamba imekatika, na hajui kujizuia kwa sababu hajawahi kufundishwa ila kwa fimbo. Kila balaa linalompata huko, hadi kujiua kwake, unasikia fimbo ile ya mwanzo. Halafu mwandishi anathubutu kuwapeleka baba na binti hukumuni baada ya kifo, mbele ya Mungu, kila mmoja amtupie mwenzake lawama. Hakuna kunyamaza hapo. Anauliza swali kwa sauti kubwa: nani ana hatia?

Kuna mambo ambayo jamii imeshayanyamazia vya kutosha. Mwandishi naye akinyamaza, atakuwa amejiunga na majirani.

---

BintiReli (Tabora)

Kaka wa Nansio, sentensi yako ya mwisho nimemsomea baba. Amesema uko sahihi kuhusu majirani.

Lakini niruhusu nishikilie kidogo. Hata katika maelezo yako, kilichokukwamisha hakikuwa ukali wa fimbo peke yake. Ilikuwa barua. Kosa la Rosa ni karatasi, tena aliyoandikiwa, si aliyoandika. Udogo wa kosa ndio unaofanya kipigo kisivumilike. Angekuwa ameiba ng'ombe, ungesoma ukapita. Nadhani Kezilahabi alipiga kelele na bado alichagua kitu kidogo cha kuwekea kelele yake.

Hata hivyo, hoja yako ya kwamba kunyamaza kuna mahali pake na kusema kuna mahali pake nimeichukua. Kitabu tunacho kabatini. Sijui kama nitaweza kukisoma kwa sauti mbele ya baba yangu mzazi, kuna kurasa mle ambazo binti hawezi kumsomea baba. Huenda nikamwomba mjomba aje hizo jioni.

---

MwanaThika (Kenya)

Hamjambo nyote. Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye matatu nikapitisha kituo changu.

Nachangia cha Ngũgĩ wa Thiong'o, *A Grain of Wheat*, ya 1967. Mtu anaitwa Mugo, mpweke, wa kijiji cha Thabai. Wanakijiji wanamwona shujaa. Aliwahi kuingilia kati mwanamke alipokuwa akipigwa kwenye kazi ya kuchimba handaki, akatiwa kizuizini, akavumilia mateso. Sasa Uhuru unakuja, tarehe 12 Desemba 1963, na wanataka awe msemaji mkuu siku ya kumkumbuka Kihika, mpiganaji aliyesalitiwa na kunyongwa. Wazee wa chama wamepanga jambo: wanaamini msaliti ni Karanja, na wanataka aumbuliwe hadharani. Kwenye mkutano, mbele ya umati, mwito unatolewa kwamba aliyemsaliti Kihika ajitokeze.

Anayetembea kwenda mbele ni Mugo. Watu wanafurahi wakimwona, wanadhani shujaa wao amekubali kuhutubia.

Hapo ndipo niliposimama mimi, kwenye furaha yao. Msomaji anajua kitu ambacho umati haujui, na kwa nukta chache hizo unatamani Mugo ageuke arudi kwake, aseme hotuba yoyote tu. Angeweza. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Karanja alikuwa tayari amevishwa hatia. Mugo anasema ni mimi. Na umati haumrukii. Haufanyi kitu. Wanampisha, anatembea katikati yao akaondoka.

Tukirudi kwenye ubishi wenu, naona Ngũgĩ amefanya yote mawili. Mugo anasema, tena mbele ya watu wote, jambo ambalo lingeweza kuzikwa. Umati ndio unaonyamaza. Baadaye Gikonyo, fundi seremala, anauliza kwa maneno yake ni nani mwingine kijijini angeweza kuianika roho yake namna ile watu waidonoe. Gikonyo naye ana lake, kwa maana alikiri kiapo cha Mau Mau huko kizuizini ili arudi nyumbani kwa mke wake, Mumbi. Na Mumbi ni dada yake Kihika, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa na Mugo siri hiyo, kabla ya mkutano, na hakwenda kumshtaki kwa mtu. Nimejaribu mara nyingi kumwelewa Mumbi katika ule usiku mmoja, amelala akijua, kesho sherehe. Ngũgĩ hakutuandikia alivyolala.

Dada, ukimsomea mzee, usianze na mkutano. Anza mwanzo, kwa Mugo asubuhi akienda shambani na jembe lake, maana bila asubuhi ile mkutano haufanyi kazi. Kama Kiingereza si tatizo kwa mzee, kisome hivyo kilivyo. Kama ni tatizo, fanya kama bibi yangu alivyokuwa akitufanyia na Biblia ya Kiingereza ya babu: soma sentensi kimya, iseme kwa maneno yako, endelea. Utachoka haraka, kwa hiyo kurasa tano kwa jioni zinatosha.